Picha ya Shingo ya Kulthumu

Chovae, 3 Februari 2013

Dada Kulthumu,

Kaa kitako kwanza, habari hii haisomwi mtu amesimama. Rawda ameposwa.

Mposaji anaitwa Abdulhamid, fundi wa injini za mashua pale bandarini Kismayu. Alikuja huku mara ya kwanza kutengeneza injini ya mume wangu Anwari. Akaja mara ya pili kuiangalia kama imekaa sawa. Mara ya tatu injini haikuwa na ugonjwa wowote, na Anwari akaniambia kwa lugha yetu ya kisiwani, "Saada, huyu mchu hakuja kwa injini." Baba yake na mama yake ni Wasomali wa Kismayu, watu watulivu. Kiswahili chake kinachekesha, lakini anakisema bila haya, na Rawda anamsahihisha mpaka mimi ndiye ninayeona aibu.

Nataka uje uimbe. Unajua tulivyoishi miaka hii, hakuna aliyethubutu kupandisha sauti harusini wala kugusa pembe za kupigia ngoma. Mabinti wameozwa milango imefungwa, watu wakinong'ona kama wako matangani. Sasa wale wenye silaha waliokuwa wakikataza wameondoka, na binti yangu awe wa kwanza kupigiwa vugo, ngoma yetu ya pembe, hapa kisiwani Chovae. Mara ya mwisho kukusikia tulikuwa katika kambi ya wakimbizi Mombasa, kabla sisi hatujarudi na wewe ukabaki. Rawda alikuwa na miaka minne, amelala mgongoni mwangu, na hakuamka kwa kelele zote zile. Safari hii atakuwa macho.

Harusi ni mwisho wa mwezi wa tano. Simu huku haishiki, kwa hiyo barua hii naipa Mbaraka anayepeleka kamba Kiunga. Atampa mtu wa basi, nawe unijibu kwa njia hiyo hiyo.

Mdogo wako,
Saada


Mombasa, 24 Februari 2013

Saada mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako, kisha nikampa mwanangu Mahdi anisomee kwa sauti, maana nilitaka kuyasikia maneno yale yakitoka katika mdomo wa mtu mwingine. Rawda kuposwa! Mtoto niliyemwogesha mimi kwa maji ya foleni kambini.

Nitakuja, na nitaimba. Pembe zangu nimezitoa chini ya kitanda na kuzifuta vumbi. Juzi nilizipiga kidogo hapa uani, na jirani yangu wa Kisauni akatoka kuuliza nani anaoa. Nikamwambia ni maneno ya mbali lakini yanakuja. Nimeanza kutunga. Nimepata ubeti mmoja wa kumsifu bibi harusi na mmoja wa kumtania bwana harusi, ila nataka unieleze zaidi huyo Abdulhamid: mrefu au mfupi, anacheka vipi, anapenda chakula gani. Mtu hataniwi kwa jina tupu.

Mahdi yuko dukani kwake, anatengeneza redio na simu, na bado hataki kusikia habari ya kuoa. Mimi na mahamri yangu kila asubuhi.

Usiucheke mwandiko. Mkono wangu wa kulia leo umelala kidogo.

Dada yako,
Kulthumu


Mombasa, 22 Machi 2013

Saada,

Natumaini hamjambo nyote. Nakuandikia ili ujue mapema kwamba sitaweza kuja. Nina mambo ya makaratasi hapa ambayo hayaniruhusu kusafiri, na sijui yatachukua muda gani. Tafuta mwimbaji mwingine. Yule Khairat wa Darakasi alikuwa na sauti nzuri, na nadhani yuko hai.

Mpe Rawda salamu na dua zangu.

Kulthumu


Chovae, 9 Aprili 2013

Dada,

Barua yako imefika. Nimeikunjua na kuikunja, na kila nikiikunjua ni ile ile fupi.

Makaratasi gani, dada? Zaidi ya miaka ishirini uko Mombasa na makaratasi hayajawahi kukuzuia kwenda Lamu kwenye harusi za watu. Mwezi wa pili ulikuwa unatunga beti na kuuliza Abdulhamid anacheka vipi. Mwezi wa tatu hata jina lake hukulitaja. Basi ngoja niliseme mimi, maana naona wewe unaona uzito. Ni kwa sababu ni Msomali. Ni kwa ajili ya marehemu Husseini.

Sijasahau kwamba mumeo aliuawa Kismayu vita vilipoanza, nyumba zilipovunjwa. Mimi pia nilikuwapo, na mimi ndiye niliyemshika Mahdi uso asione. Lakini Abdulhamid mwaka ule alikuwa mtoto wa kunyonya. Sikukuandikia kwanza kukuomba ruhusa, pengine hapo ndipo nilipokosea. Hata hivyo, kama moyo wako hautaki, ungeniambia hivyo, si kunipa Khairat wa Darakasi. Khairat amezeeka, anasahau maneno.

Rawda ameniuliza unakuja lini.

Saada


Mombasa, 28 Aprili 2013

Mama mdogo Saada,

Shikamoo. Ni mimi Mahdi. Mama hajui kwamba nakuandikia, na nakuomba asijue.

Barua yako ya mwisho ameisoma, akaiweka chini ya mto, akalala nayo. Nilipotaka kujua kulikoni alisema mmeudhiana kidogo na yatapita. Nikaichukua nikaisoma. Nisamehe, lakini nisingeisoma ungeendelea kumdhania vibaya. Makaratasi ni uongo. Mama ni mgonjwa.

Ilikuwa mwezi wa pili, siku chache kabla hajakuandikia ile barua ya furaha. Alikuwa anakata mahamri, kisu kikamtoka mkononi. Nikamwita, akanijibu maneno yasiyokuwa na maana, mdomo umeenda upande. Kabla sijapata gari ulimi ukamrudia, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba nisimkanyagie unga. Alikataa kwenda popote. Mwezi wa tatu ikamjia tena, ndipo akakubali.

Hospitali walimkuta na presha ya juu sana. Kisha wakataka kupiga picha ya mishipa ya damu ya shingo, ile inayopeleka damu kwenye ubongo. Mashine yenyewe ni kama pete kubwa. Mtu analazwa na kupitishwa katikati yake, huku dawa ikimwingia mkononi ili mishipa ing'ae pichani. Majibu yakasema mshipa mkubwa wa kushoto umechanika ukuta wake wa ndani, karibu na pembe ya taya. Daktari wa upasuaji akatueleza kwamba damu inaweza kuganda pale penye mchaniko na kurukia ubongoni, na mara nyingine kiharusi kisiwe cha kupita. Alitaka kuurekebisha mshipa. Akasema pia, na namshukuru kwa kusema kweli, kwamba neva ya sauti inapita hapo hapo, na hawezi kuahidi kwamba haitaguswa.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nitaimba?"

Daktari akasema, "Tutajitahidi, mama."

Akasimama akachukua buibui lake. Tangu hapo anakunywa dawa za presha na za kulainisha damu, haongei habari ya upasuaji, na pembe amezirudisha chini ya kitanda. Amekatazwa kuinua vitu vizito na kupaza sauti. Hakutaka ujue kwa kuwa, alivyosema, harusi haipikwi pamoja na ugonjwa.

Kuhusu Abdulhamid, sijamsikia hata siku moja akimtaja kwa ubaya. Ubeti wa kumtania anao bado, namsikia akiunong'ona jikoni.

Kuna daktari mmoja, Zuleikha, kazi yake ni kusoma hizi picha. Redio yake naitengeneza mimi. Yuko safarini, akirudi mwezi wa sita ameahidi kuzitazama upya. Tuombee.

Mwanao,
Mahdi


Chovae, 14 Mei 2013

Dada Kulthumu,

Nimeandika maneno makali, na mtu hawezi kulifuata boti airudishe barua yake. Yachukulie kwamba hayakusemwa. Mama wa bibi harusi hana akili timamu mwezi wa mwisho, utanisamehe.

Isitoshe, harusi yenyewe imesogea. Ami yake Abdulhamid amekwenda Garissa na hawezi kurudi kwa wakati, na wao hawaozeshi bila yeye. Tumekubaliana iwe baada ya Ramadhani, Mfungo Mosi. Kwa hiyo usijisumbue na lolote. Malizana na makaratasi yako taratibu. Kula vizuri, lala mapema, chumvi upunguze, maana sisi wa nyumba yetu tunapenda chumvi.

Rawda anakusalimu sana. Mbaraka anakuletea nguru mkavu. Nimemkausha bila chumvi nyingi.

Mdogo wako anayekupenda,
Saada


Mombasa, 30 Juni 2013

Saada,

Tangu lini ukaanza kuogopa chumvi? Nilipoliona neno hilo, na yule nguru asiye na ladha, nikajua Mahdi ameandika. Sikumgombeza. Nimekudanganya mimi, na yeye ameyanyoosha.

Sasa tulia nikueleze yaliyotokea, yote, kwa kuwa yana mwisho mwema.

Wiki iliyopita Mahdi alinipeleka kwa Daktari Zuleikha. Ni mwanamke wa makamo, mpole, chumba chake kina giza kama chumba cha biharusi. Alizifungua picha zangu kwenye kompyuta. Nilidhani nitaiona shingo yangu kama ilivyo kwenye kioo, kumbe imekatwakatwa vipande vyembamba kama mkate, na yeye akigeuza gurudumu dogo anapanda navyo kuelekea kichwani. Mshipa ulikuwa duara jeupe. Alipofika chini ya taya duara likawa mawili, moja juu ya jingine, na mstari mweusi katikati. Akasema huo mstari ndio ulioitwa mchaniko.

Akalirudisha gurudumu nyuma, akapanda tena. Nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili. Kisha akaigeuza picha ikasimama wima, kama mtu aliyepigwa picha kwa ubavuni, akaweka kidole kwenye taya langu.

"Mama, umewahi kuvunjika taya?"

Nikamwambia sijavunjika kichu mimi.

"Tazama hapa. Mfupa una ngazi, kama uliokatika ukaunganishwa vibaya. Na ngozi ya shingo ina ngazi pale pale. Na njia ya hewa pia." Akanigeukia. "Hakuna ugonjwa unaovunja mfupa, ngozi na koo kwa mstari mmoja na mtu akaja kwa miguu yake. Kilichovunjika ni picha. Ulisogea. Mashine ilipofika hapa ulikuwa unafanya nini?"

Saada, hapo niliona haya. Kwa sababu yule kijana wa mashine alinieleza vizuri: usipumue, usimeze mate, usisogee. Lakini ile dawa iliponiingia nilipata joto la ghafla, limepanda kifuani mpaka kooni, nikadhani roho inatoka. Nikaanza kusoma Ayatul Kursiyyu. Kimyakimya, nilidhani, bila sauti. Kumbe ulimi unapanda, koo linapanda na kushuka, na taya halikukaa. Nilimwambia Daktari hivyo hivyo. Mahdi akatazama sakafu asicheke.

Yeye pia hakucheka. Alisema si kosa la mtu, si langu wala la aliyeisoma mwanzo. Mtu akimeza mate tu mshipa huonekana umechanika, na picha za namna hiyo zimeshawababaisha wengi. Ila alikataa kuniambia niende nyumbani. "Kuhisi hakutoshi," alisema. "Tupige tena tuone."

Basi tukapiga tena. Aliingia mwenyewe akasimama karibu yangu mpaka walipotaka kuanza. Akaniambia, "Soma sasa, maliza kabisa, kisha unyamaze. Mwenyezi Mungu atakuwa ameshakusikia." Nikasoma nikamaliza. Joto likaja, safari hii nikalijua. Nikalala nimetulia, mate nimeyaacha mdomoni, namfikiria mama alivyokuwa akitufunga vitambaa kichwani siku za Idi.

Mshipa ni mzima. Duara moja jeupe tangu kifuani mpaka kichwani, halina mstari wala ngazi. Nimeuona kwa macho yangu. Daktari alinionyesha na taya, nalo limepona.

Kilichonilegeza mkono na ulimi ni presha, tena niliyoiacha miaka bila kuitazama. Dawa nakunywa, na nitakunywa maisha yangu yote, hilo halina mjadala. Lakini hakuna kisu. Nilimuuliza kama naweza kuimba. Akasema niimbe, presha ikishatulia, na nisiruke sana.

Nilipofika nyumbani nilikaa uani nikalia, na baada ya kulia nikaona njaa, nikala nguru wako wote.

Sasa lile jingine. Uliandika kwamba yachukuliwe hayakusemwa, lakini mimi nayajibu. Husseini aliuawa na watu wenye bunduki waliotaka nyumba. Na usiku ule ule, mimi na wewe na Mahdi tulilala jikoni kwa nani? Kwa mama Sabah. Alikuwa Msomali. Alikaa mlangoni na kuwaambia wale waliokuja kwamba ndani kuna mwanawe ana tauni. Kwa hiyo usiniwekee chuki moyoni ambayo mimi mwenyewe siijui. Nilichonyamazia ni hofu. Nilifikiri nikija nisiweze kuimba, nitakuwa mzigo harusini, na nikiimba nitaanguka mbele ya Rawda.

Redio inasema mwezi huu kumepigwa risasi tena Kismayu, makundi yanagombania mji. Abdulhamid yuko wapi? Jibu haraka.

Dada yako,
Kulthumu


Chovae, 15 Julai 2013

Dada yangu,

Barua yako imefika siku ya tano ya Ramadhani, nikaisoma kabla ya futari, na futari ikaungua. Anwari alikula uji mtupu na hakulalamika, alikuwa anafuta macho.

Abdulhamid ni mzima. Risasi zilipoanza aliwapakia mama yake na wadogo zake kwenye mashua aliyokuwa akiitengeneza, akaja nao hapa. Wamekaa kwetu majuma mawili, tumelala wanawake sita chumba kimoja. Mama yake na mimi tumegombana juu ya kiasi cha sukari kwenye chai, tumepatana, na sasa hakuna kati yetu anayejua kuishi bila mwenzake. Wamerudi, mji umetulia.

Nami nikiri langu. Ami hakwenda Garissa. Hana hata ami, baba yake ni mwana wa pekee. Niliwaita Abdulhamid na Rawda, nikawaeleza unaumwa na sitaki harusi bila wewe. Nilidhani kijana atakasirika. Akaniambia kwa Kiswahili chake, "Mama, sisi tangoja. Injini bila mafuta haiendi."

Hata chama cha wanawake wa kisiwa kimengoja. Khairat wa Darakasi ametuma salamu kwamba yuko hai na ameudhika kwa kuwa hakuna aliyemwita. Nimemwita aje kukuitikia.

Harusi ni Mfungo Mosi, mwisho wa mwezi. Njoo.

Saada


Chovae, 12 Septemba 2013

Mwanangu Mahdi,

Nimefika salama, harusi imekwisha, na nimechelewa kuandika kwa kuwa hakuna aliyeniacha nikae peke yangu.

Kisiwa kimebadilika. Nyumba ya baba yangu imebaki kuta mbili na mchongoma ndani. Nilisimama pale kidogo, kisha Saada akanishika mkono tukaenda zetu, kulikuwa na wali wa kupika.

Vugo lilianza baada ya sala ya alasiri. Wasichana wa huku walikuwa hawajui kulipiga, wamekua katika miaka ya kimya, wakashika pembe kama wanaoshika samaki aliye hai. Mimi na Khairat tukawaonyesha. Bibi yule anasahau maneno kweli, lakini anaposahau hutunga mengine papo hapo, na yake yalikuwa matamu kuliko yangu. Ubeti wa bwana harusi nikauimba, ule wa fundi anayetengeneza injini nzima. Abdulhamid alikuwa nje na wanaume, akausikia, wakasema alijificha uso kwa kofia.

Kisha mama yake akasimama na wanawake zake wa Kismayu, wakajibu kwa buranbur, mashairi yao yale ya wanawake, wakipiga makofi na kucheza. Hatukuweza kuwaachia. Tukajibu. Nao wakajibu. Rawda alikuwa amekaa kitako ndani ya dhahabu na hina yake, anageuza kichwa huku na huku, mara upande wa mama yake, mara upande wa mkwe, hajui amshangilie nani. Tulipoacha, hakuna aliyeshinda, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kubishana.

Sikuanguka. Mkono haukulegea. Niliimba nimekaa kitini, nisiruke, kama Daktari alivyotaka, ila mwisho mwisho nilisimama kidogo.

Nitakaa mwezi mmoja zaidi. Dawa ninazo za kutosha, na Saada ananitolea kila asubuhi, ananisimamia mpaka nimeze, halafu ananitazama mdomoni kama mtoto. Tangu harusi siwezi hata kunong'ona. Koo limekauka kabisa, najibu kwa mikono, na nikitaka jambo refu naomba kalamu. Saada anafurahi mno. Anasema tangu azaliwe hii ndiyo mara ya kwanza yeye kusema na mimi kusikiliza, na ananieleza mambo ya miaka kumi na sita bila kupumzika. Baadhi yake nina majibu makali, yatangoja.

Mpelekee Daktari Zuleikha salamu. Akikuuliza habari ya sauti yangu, mwambie imepotea yote, na kwamba nimeimaliza mwenyewe.

Mama yako,
Kulthumu